Mtoto Asiyeruhusiwa Kulia

Uso wangu umetoboka kama chujio, na sijawahi kuuonea haya. Ndui iliniingia nikiwa mdogo, ikala ikashiba, ikaniacha. Mtu akishaugua ndui haugui tena, ndiyo maana niliweza kusimama mahali ambapo wenye nyuso laini walikimbia. Lakini hayo ni ya mbele. Nianze na Bibi.

Bibi wangu aliitwa Madame de Tournebois, mjane wa mtu mkubwa wa Normandi, na alikuwa mlezi wa wana wa mfalme katika lile kasri la juu ya mto. Mimi, Guillemette, nilikuwa mtumishi wake wa chumbani tangu alipoolewa. Watu hudhani mlezi wa kifalme ni yaya aliyevaa lulu. Waache wadhani. Bibi alipiga magoti mbele ya mfalme akaapa kwamba anampokea mtoto mzima na atamrudisha mzima, na tangu hapo hakulala mbali na kitanda cha mtoto hata alipokuwa mgonjwa mwenyewe. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Malkia aliwazaa, sikatai. Alikuja kuwatazama Jumapili akiwa na glavu mikononi.

Sasa, kwetu kuna desturi hii. Mwana wa mfalme akifika miaka saba hutolewa mikononi mwa wanawake akakabidhiwa kwa wanaume. Huvuliwa nguo zote mbele ya baraza, madaktari wakamkagua kiungo kwa kiungo ili isije ikasemwa baadaye kwamba wanawake walirudisha mtoto mbovu. Kisha mfalme humwuliza mtoto amelelewaje, naye hujibu, "Vema, namshukuru Madame," akambusu shavuni, akavishwa suruali na upanga mdogo, akamshika mkono mkuu wake mpya, mwanamume wa kumfunza. Vitu vyote vya chumba cha mtoto, kitanda, mashuka, vikombe vya fedha, vinakuwa mali ya mlezi. Mtoto mwenyewe ndiye asiyemrudia tena.

Bibi alikuwa ameshafanya hivyo mara moja, kwa yule mkubwa, Hercule. Alimlea kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na siku ya kukabidhiwa, mtoto alipoona mkono wa Bibi unamwachia, aling'ang'ania sketi yake akalia mpaka mabalozi wakaanza kutazamana. Ilibidi walinzi wabandue vidole vyake kimoja kimoja. Mfalme aliaibika, na mfalme akiaibika lazima apatikane wa kulipa.

"Wanawake wamemlainisha," alisema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Akampa Hercule mkuu aliye askari, Monsieur de Grandlieu, pamoja na amri moja: kila chozi, kiboko kimoja. Grandlieu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na mimi kati ya hao wawili sijui nimwogope nani zaidi. Hercule aliacha kulia, hilo kweli. Akaacha na mengine. Akitaka kusema anakwama kwenye neno la kwanza, macho yanapepesa, na mlango ukibamizwa popote katika kasri, wafua nguo wanajua kesho watafua mashuka ya nani.

Basi akabaki mdogo, Tancrède.

Huyu Mungu alimuumba kwa maji. Alilia kuku akichinjwa, alilia mtunza bustani akikata waridi. Bibi akienda misa bila yeye, alisimama dirishani akatiririka bila sauti mpaka gari lirudi. Alimwita Bibi "Mamou," na Bibi alimwita "kifaranga changu." Na kila alipokuwa akilazwa, Bibi alimshika mguu, akamsugua unyayo kwa kidole gumba, taratibu, mduara juu ya mduara, huku akimwuliza, "Hapa ni pa nani?"

"Pa Mamou," mtoto alijibu, na usingizi ukamchukua.

Siku moja mwanzoni mwa vuli, mfalme alimkuta Bibi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika mkia wa gauni.

"Madame, huyu wa pili anatimiza saba Januari," alisema. "Akilia kama wa kwanza, atapata dawa aliyopata wa kwanza. Asipolia, nitamwambia Grandlieu amwache awe mtoto kidogo. Farasi, mbwa, mwalimu mpole. Shauri lako."

Bibi akainama mpaka chini. Alipoinuka, niliona shingo yake imekuwa nyeupe.

Tulijaribu. Tulicheza sherehe ile chumbani, mimi nikiwa Monsieur de Grandlieu na fagio langu likiwa upanga, mtoto akacheka mpaka akashika tumbo. Lakini Bibi kila alipofika mahali pa kumwambia mtoto, "Sasa kwaheri, Monseigneur," na kugeuza mgongo, mdomo wa chini wa mtoto ulianza kutetemeka. Tulimpa peremende, tukamsimulia habari za mashujaa. Tulimwambia waziwazi kaka yake alipatwa na nini, na hapo alilia zaidi kwa kumwonea huruma kaka yake. Ungefanya nini na mtoto wa namna hiyo? Mimi ningemwiba nikakimbilia naye Bretagne, lakini mimi ni mjinga.

Jioni moja Bibi alikuwa akifungua nywele mbele ya kioo, akasema bila kugeuka, "Guillemette, mtu halii akiachana na mtu asiyempenda."

"Unasema nini, Bibi?"

"Nasema kuna muda wa kutosha wa yeye kunichukia."

"Yule?" nikacheka, kwa sababu sikuwa nimeelewa. "Yule hata ukimpa miaka mia hataweza. Na wewe je, utaweza?"

"Mimi sikuulizwa."

Nilimwambia ni wazimu. Nilimwambia hata mbwa huwezi kumfanyia hivyo. Nilisema mengi, ulimi wangu haujui likizo, naye akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia nitandike kitanda chake katika chumba cha pili.

Kesho yake alipomlaza mtoto, hakumshika mguu. Tancrède akautoa nje ya blanketi, akauacha unaning'inia.

"Mamou, umesahau."

"Monseigneur ana umri wa kulala bila kusuguliwa," Bibi akasema. "Na mimi ni Madame. Ingiza mguu ndani."

Mtoto akatutazama kwanza mmoja kisha mwingine, akidhani ni mchezo. Mimi nikageukia mishumaa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jamu ya matofaa ikaondolewa mezani. Somo lililokuwa la kukaa pajani likawa la kusimama wima. Akikosea neno la Kilatini, alirudia mpaka sauti ikakauka, na akipatia, hakuambiwa lolote. Kwa wiki nyingi hakumchukia. Alijitahidi zaidi, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Alimchumia maua ya mwisho ya bustani akamletea, na Bibi akaniambia, "Guillemette, toa takataka hizi." Mtoto akaja jikoni kuniuliza amekosea nini.

"Nimekosa nini, Guillemette? Niambie tu. Nitaomba msamaha."

"Hujakosa kitu, Bwana Mdogo."

"Sasa mbona hanipendi?"

Nilimpa mkate uliolowekwa kwenye supu, nikasema ale ungali moto. Mungu anajua nilivyotamani kufumbua mdomo. Lakini nilimwona Hercule akipita uani na Grandlieu, akipepesa macho, nikaufumba.

Alikuwa na chiriku mmoja kwenye kizimba, ndege wa manjano na nyekundu aliyemlea kwa mkono. Ndege yule alikunywa mate kwenye mdomo wake. Krismasi ilipokaribia, Bibi alimkuta mtoto akimwambia ndege siri zake, akachukua kizimba, akakipeleka kwa mtunza bustani mbele ya macho yake.

"Mtu anayekwenda kwa wanaume hazungumzi na ndege," alisema.

Tancrède hakulia. Mara ya kwanza katika maisha yake. Alisimama katikati ya chumba, mikono imekunjwa ngumi, uso mwekundu.

"Nakuchukia," alisema.

"Monseigneur asimame wima anaposema."

Akasimama wima. "Nakuchukia!"

Bibi akainama kwa heshima, akatoka. Nilimfuata. Nyuma ya mlango wa chumba cha pili alikuwa amejitia leso mdomoni, yote, na mabega yanamruka bila sauti yoyote kutoka. Nilimshika. Alipoweza kuitoa ile leso, alisema, "Tumefika, Guillemette. Sasa asirudi nyuma." Ndege yule alikaa kwa mtunza bustani akila vizuri kuliko sisi, maana Bibi alimpelekea mbegu kila Jumamosi kwa mkono wangu.

Ikafika Januari. Ukumbi ulijaa watu waliovaa manyoya, na katikati yao mtoto aliye uchi. Moto uliwashwa, lakini upande wa wakubwa. Madaktari walimgeuza huku na huku, wakamfungua kinywa, wakamhesabu vidole vya miguu. Farasi wa mnadani hushikwa kwa adabu zaidi. Ngozi yake ilikuwa imesimama vipele kwa baridi, naye akatazama ukuta.

"Mzima, viungo kamili," akatangaza daktari mkuu, mzee Monsieur Panthaléon, ambaye alimjua mtoto tangu kitovu.

Akavishwa suruali. Akafungwa upanga. Mfalme akamwita.

"Mwanangu, umelelewaje?"

Neno lilikuwa moja tu, kila mtoto wa nyumba ile amelisema tangu enzi za babu zake. Bibi alikuwa ameshainamisha shavu lake kungoja busu.

"Vibaya," akasema Tancrède.

Kisha akaongeza:

"Madame ana roho ya jiwe. Alitoa ndege wangu. Nafurahi kuondoka."

Jambo kama hilo halikuwahi kusikika. Malkia akaweka glavu mdomoni. Mfalme akamgeukia Bibi, na sura yake sitaisahau, maana alikuwa amempenda mtoto huyu kwa namna yake ya mbali.

"Madame, una la kusema?"

Lilikuwepo. Mimi nilikuwa nalo kooni, na kama si mkono wa mlinzi ningelipiga kelele. Lakini Bibi hakumtazama mfalme. Alikuwa akitazama mdomo wa chini wa mtoto. Kwa sababu Tancrède alikuwa amejisikia alichosema, akaogopa, na ule mdomo ulianza kutetemeka. Neno moja laini, jicho moja tu la zamani, na angekimbia kujitupa kwenye sketi ile ile aliyong'ang'ania kaka yake.

Bibi akanyooka. Akasema kwa sauti ya baridi, "Mwana wa mfalme hasemi uongo, Mtukufu."

Mdomo ukatulia. Mtoto akainua kidevu, akamgeuzia mgongo, akampa Grandlieu mkono. Alitoka ukumbini bila chozi, na nyuma yake wazee wa vita walinong'onezana, "Huyu ni mwanamume." Grandlieu alitabasamu. Hakuna kiboko kilichomgusa mtoto yule, si siku ile wala baadaye, hilo nililihakikisha kwa kuwauliza watu wa jikoni.

Sisi tuliambiwa tuondoke kasrini kabla ya Kwaresima, na Bibi asikanyage tena mahali alipo mfalme. Wanawake waliokuwa wakimbusu mikono walipitia mlango mwingine ili wasikutane naye. "Amemtesa mtoto wa watu," walisema, wao ambao watoto wao walilelewa na wake za wakulima na hawakujua hata majina yao ya utani.

Tulirudi Normandi, kwenye nyumba yake ya mawe yenye bustani ya mitofaa. Baada ya muda likaja gari la mizigo, maana desturi ni desturi hata kwa aliyefukuzwa. Kitanda kidogo, mashuka, vikombe, magauni aliyovaa Tancrède utotoni, yenye kamba za kumshikilia asianguke. Bibi alisimama mlangoni akasema viwekwe chumba cha juu. Alikuwa ameletewa kila kitu cha mtoto isipokuwa mtoto. Hakupanda kule juu hata siku moja. Lakini alinituma nifungue dirisha kila asubuhi, kusiwe na unyevu.

"Anaendelea vizuri," alikuwa akiniambia mezani, kwa habari alizozisikia kwa wasafiri. "Anapanda farasi. Ana mbwa wawili."

"Na wewe unaendeleaje?"

"Kula, Guillemette."

Mwaka uliofuata, mitofaa ikiwa imetoa maua, ndui ikaingia kasrini. Dereva mmoja wa gari la barua ndiye aliyetuambia akinywesha farasi. Mfalme, malkia na Hercule walikuwa wameshakimbizwa. Mdogo alikuwa ameshikwa, na hakuweza kusogezwa. Grandlieu hakuwahi kuugua ndui, na kwa amri ya mfalme alizuiwa kuingia. Watumishi walikuwa wametoroka. Aliachiwa daktari mkuu na watawa wawili wa hospitali.

Bibi alikuwa ameshavaa koti kabla dereva hajamaliza.

"Bibi," nikasema, "wewe uso wako ni laini. Hujawahi kuugua."

"Najua sura yangu."

"Wacha niende mimi peke yangu! Mimi ilishanila ikashiba!"

"Wewe hujui anavyopenda mto wake uwekwe."

Nikamwambia nimemtandikia kitanda kile miaka saba. Alikuwa ameshapanda garini.

Monsieur Panthaléon alitukuta kwenye mlango wa nyuma. Alimtazama Bibi, akavua kofia.

"Madame, umefukuzwa hapa."

"Ndiyo maana nimepitia nyuma."

"Anaungua. Macho yamevimba yamefumba kabisa, vidonda mpaka kwenye kope. Nikikuruhusu, sharti ni moja. Asilie. Akilia, machozi yatakula macho, atapofuka. Wewe unajua zaidi yangu kwamba akijua uko hapa atalia."

Kama ni kweli machozi hupofusha, mimi sijui. Madaktari wana mengi ya kusema na machache ya kufanya. Lakini Bibi aliamini, na angeamini hata kama nafasi ilikuwa moja kati ya elfu.

"Atafikiri mimi ni mtawa," alisema. "Na sitasema neno."

Wakatupa nguo za watawa. Panthaléon akamwambia mtoto kwamba wamekuja masista wengine wawili walioapa kunyamaza, asishangae wasipomjibu. Basi nikaingia mle nimefunga mdomo, mimi Guillemette. Chumba kilikuwa kimefungwa mapazia mekundu, kama wafanyavyo kwa ndui, na hata adhuhuri mle ndani kila kitu kilionekana chekundu. Kitandani nilikuta uso usio na uso. Nilijua ni yeye kwa masikio tu.

Bibi alimlisha kwa kijiko cha mbao ili kisimuume. Alimfunga mikono kwa kitambaa laini asijikune, na aliuweka mto kama apendavyo, umekunjwa upande wa kushoto. Mtoto aliulalia ule mto, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Asante, Sista," alisema. "Unajua kuweka."

Alikuwa na adabu. Hakunung'unika. Homa ilipompungua kidogo, alipenda kuzungumza, na kwa kuwa hatukujibu, alizungumza yote.

"Daktari ameniambia nisilie. Mimi ninaweza kutolia, Sista, nilifundishwa. Zamani nilikuwa nalia kama nini sijui." Akageuka upande wetu. "Nilisema neno baya kwa mtu mmoja mbele ya Baba. Lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli lote. Unafikiri hilo ni dhambi? Gonga mara moja kama ni dhambi."

Bibi hakugonga. Alisimama amekamata nguzo ya kitanda.

"Hata mimi sijui," mtoto akasema.

Siku homa ilipopanda kuliko zote, miguu yake ilikuwa ikiwaka, akairusha nje ya shuka huku na huku. Mimi nilikwenda kulowesha kitambaa. Niliporudi, Bibi alikuwa ameketi mwisho wa kitanda, ameuchukua mguu mapajani. Nadhani hakujua anachofanya, mkono ulifanya wenyewe. Kidole gumba kilianza ule mduara.

Tancrède akauvuta mguu wake, kwa upole lakini kwa haraka.

"Hapo hapana, Sista," alisema. "Samahani. Hapo pana mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ameketi pale, mkono hewani. Nilimtazama. Niliapa moyoni kwamba akisema, sitamlaumu, na macho yakipofuka yapofuke, kuna mambo mtu anapaswa kuyasikia hata akiwa kipofu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaushika ule mguu kwa kitambaa, mbali na ngozi, akauingiza chini ya shuka, akauchomekea pande zote mbili asipate baridi.

"Usikasirike," mtoto akasema. "Yeye hajui kama bado ni pake."

Nilitoka nje ya mlango nikauma mkono wangu mwenyewe. Alama ninayo.

Alipona. Vidonda vikakauka, na asubuhi ambayo Panthaléon alisema kope zitafunguka wakati wowote, tuliondoka kabla ya uji. Bibi alisimama mlangoni akamtazama kitandani, amelala kinywa wazi. Kisha akashuka ngazi ya nyuma akiwa ameshika ukuta. Garini, kabla hata hatujavuka mto, aliniambia mgongo unamuuma. Mtu aliyewahi kuugua ndui anajua huanzia wapi. Nilimfunika.

Nilimlaza nyumbani, na nilifanya kwa ajili yake yote aliyomfanyia mtoto, ila mto wake sikuwahi kujua anavyoupenda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Mwishoni alikuwa hanioni tena. Alirudia neno moja.

"Amelia?"

"Hapana, Bibi. Hajalia."

"Vizuri," alisema. Baadaye kidogo akauliza tena, na mimi nikamjibu vilevile, mpaka pakawa hapana wa kumjibu.

Tulimzika chini ya mitofaa, kando ya mumewe. Majani yalikuwa yameanza kuota juu yake wakati gari la kifalme lilipoingia uani. Panthaléon, mzee yule, alishindwa kukaa na siri. Akashuka Grandlieu, akabaki kando ya farasi, kofia mkononi. Akashuka mtoto. Alikuwa amerefuka. Uso wake sasa ulikuwa umetobolewa kama wangu, na macho mazima, makubwa, yale yale ya zamani.

"Guillemette," alisema. "Ni wapi?"

Nilimpeleka. Alisimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, hivyo hivyo alivyofundishwa. Nikamweleza yote, kutoka kwenye ngazi ya mfalme mpaka kwa chiriku aliyekuwa akiletewa mbegu Jumamosi. Nilimwambia kilichotokea kwenye chumba chekundu. Sikumpunguzia. Alisikiliza bila kupepesa, na mdomo wa chini ulikuwa ukitetemeka, ukitetemeka, na hakuna kilichotoka.

"Lia, Bwana Mdogo," nikamwambia. "Sasa ruksa."

Akageuka kunitazama. Alikuwa akiuliza kwa dhati, kama mtu anayeogopa kuvunja sheria.

"Nani ametoa ruksa?"

Hakuna aliyeitoa. Bibi alikufa akifurahi kwamba hajalia, na hakuacha neno lingine.

"Yeye," nikasema. "Alisema, siku atakayokuja, mwambie alie."

Akaketi kwenye majani na suruali yake ya hariri, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama kile kitoto cha dirishani, na Grandlieu akamgeukia farasi akaanza kukaza mkanda ambao haukuwa umelegea. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Nilitamani kumshika ule mguu, nimsugue, anyamaze. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nilikaa tu karibu naye mpaka akamaliza.